Hitima ya Bi Sijaona

Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa ghala la chama chetu cha maziko, huku Mbwera, Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa mkuu wa chama, alinionya: "Mpunga huu si wa wenye njaa, ni wa wenye msiba. Ukimpimia aliye hai hata kibaba, umewaibia maiti."

Kazi yenyewe msiidharau, vijana. Kila nyumba ikivuna ilileta pishi mbili, ndiyo vibaba vinane, nami naandika jina kwa herufi za Kiarabu. Mtu akifa tunatoa sanda na mpunga wa hitima, kile chakula cha wanaomsomea marehemu. Miaka ile ghala lilijaa hadi panya wakanenepa.

Vikaja vita vya Maji Maji. Mashamba yakachomwa, watu wa milimani wakatushukia na watoto migongoni. Hakuna aliyeleta pishi tena. Sanda zikaisha, tukazikia mikeka. Mpunga niliubania, ukabaki nusu ghala.

Asubuhi moja akaja Bi Sijaona, mjane, na wajukuu wawili, mbavu nje.

"Baba, nikifa mtanipikia pishi ngapi?"

"Kumi, Bibi."

"Basi naomba hitima yangu niile mwenyewe. Nikishakufa si mtakula nyie?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Nikakimbia kwa Mwalimu.

"Alikuwa akitoa?" akauliza.

"Kila mavuno."

"Mpimie. Na wenzake wote wapimie."

"Chama kitakufa, Mwalimu!"

"Wakifa wao, chama cha nani?"

Nikapima, na kila jina nikaliandikia: *ameshakula*. Mwezi haukuisha, nikafagia ghala tupu. Wallahi niliogopa. Na aliyekufa kabla ya mavuno ni Mwalimu mwenyewe. Tulimsomea, tukanywa maji, tukaenda zetu. Aibu ile sijaisahau.

Mvua ziliporudi watu walileta pishi zao bila kuitwa, ghala likajaa polepole. Macho yalipofifia nikaacha kazi, ufunguo akachukua mwingine.

Juzi Bi Sijaona kafariki, kikongwe. Mtunza ghala mpya akaniletea daftari mbio.

"Mzee, huyu ameandikwa keshakula hitima yake!"

"Pika," nikamwambia.

Tulipofika ghalani tukawakuta wale wajukuu wawili, sasa wana ndevu, wamekaa juu ya magunia waliyoyaleta. Nikawaambia warudishe mpunga wao nyumbani, hitima ya bibi yao chama kitapika.

"Tunajua, Babu," mkubwa akajibu. "Huu ni wa Mwalimu."