Glasi Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja duka letu la saa lilifunguliwa kwa gemu, na wala sipigi chuku. Kabla ya kuinua dirisha la wateja, kabla hata ya chai, mjomba wangu alikaa kwenye kigoda chake cha kazi, akawasha televisheni ndogo iliyokuwa juu ya kabati la vipuri, akashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili na kucheza kama dakika nne hivi. Akimaliza alitamka namba moja tu. Mimi, binti wa dada yake, niliyekaa mbele kupokea wateja, niliisubiri namba hiyo ili nijue nimpangie kazi gani.

Mashine yenyewe ilikuwa kichekesho cha mtaa. Ilikuwa ya kijivu, nzito, ya pembe nne, na fundi viatu wa jirani aliibandika jina la Tofali. Ilipotoka madukani walioinunua walikuwa wachache, na hao wachache walijuta. Gemu zake hazikufika kumi. Kijiti cha pedi yake kilihisi kila kitu: ukipumua vibaya tu, mtu wako kwenye kioo cha televisheni anapepesuka. Watu walitaka mashine za kukimbiza magari na kupigana ngumi, si kitu cha kuwasuta kila wakitikisika. Wenyewe walioiunda wakaacha kuiunda. Muuza redio wa mtaa wa pili alibaki na moja rafuni hadi ikajaa vumbi, akaja kumtupia mjomba mezani.

"Fundi, toa vipuri humo au itupe, mimi nimeshindwa," alisema.

Mjomba aliifungua pedi kwa bisibisi yake ndogo kabisa. Akainamia humo mpaka nikadhani amesinzia, kisha akaniita.

"Njoo uone, mama. Hawa watu walikuwa mafundi hasa."

Chini ya kijiti kulikuwa na kamani nne, zile waya za kujikunja zinazofanya saa iende, nyembamba ajabu, kila moja mahali pake. Mjomba alizitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama binadamu, mke wake marehemu nikimtoa. "Wanasema haifai," alisema. "Kosa lake ni kwamba haimbembelezi mtu." Siku hiyohiyo Tofali likapandishwa kabatini.

Gemu aliyoipenda ilikuwa ya mhudumu wa hoteli mwenye shati jeupe. Amebeba sinia lenye glasi kumi na mbili, anapita kwenye korido ndefu yenye ngazi, mazulia yaliyokunjamana na paka wasio na adabu. Mwisho wa korido kuna mlango mwekundu. Akifika hapo, glasi zilizosalimika zinahesabiwa na mlango unaanza kufunguka. Mjomba alizima mashine papo hapo, kila siku.

"Kwani huko ndani kuna nini?" nilimuuliza mwaka ule wa kwanza.

"Nitajuaje? Kipimo changu nimeshakipata. Asubuhi ni ya kazi."

Kipimo kilikuwa hivi. Glasi zote kumi na mbili zikifika, namwekea saa za kike, zile ndogo ambazo skrubu zake ukipiga chafya umezipoteza. Zikifika kumi au kumi na moja, saa za kiume. Chini ya kumi, saa za ukutani, betri na mikanda, na kibano cha saa ndogo kinalala kwenye droo mpaka kesho. Mwanzoni nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Baadaye nikaona kwamba mafundi wengine wa mji ule walikuwa na saa za watu walizoziharibu wakazificha, na mjomba hakuwa na hata moja. Nikaacha kucheka.

Lakini msidhani aliicheza kama mtu anayemeza dawa. Aliinama na mhudumu kwenye kona, akatoa ulimi nje, akamgombeza. "Polepole, bwana, unakimbilia wapi? Hebu tazama zulia hilo!" Fundi viatu alipopita dirishani akisema, "Mzee mzima na gemu!" mjomba hakugeuka. Alikuwa na furaha, basi. Zile dakika nne hazikuwa na mteja, wala maumivu ya mgongo, wala upweke.

Mwaka jana namba zilianza kushuka. Zilikuja kumi na moja nyingi, kisha kumi, kisha tisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo mdogo ambao usingeuona akishika kikombe, lakini Tofali liliuona. Ikapita wiki, ikapita ya pili, mjomba yuko kwenye saa za ukutani tu. Aliacha kumgombeza mhudumu. Alitaja namba kwa sauti ndogo, akainuka mwenyewe kwenda kuchukua betri. Kila nilipomwona anafuta kioo cha saa kubwa ambacho tayari kilikuwa safi, roho ilinipasuka. Na mimi nikipasuka roho sikai kimya, nafanya jambo, na mara nyingi ni jambo la kijinga.

Siku moja alipokwenda kliniki niliwasha Tofali ili nilifute vumbi, nikabonyeza hapa na pale, nikakuta ukurasa ambao hatukuwahi kuufungua. Kijiti kilikuwa na hali tatu: kikali, cha kati na laini. Chetu kilikuwa kikali tangu siku ya kwanza. Nikakiweka laini. Nilijiambia namtuliza moyo tu, moyo ukitulia na mkono utatulia. Kumbe nilikuwa nampaka mjomba wangu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kesho yake asubuhi mhudumu aliteleza kwenye korido kama amezaliwa humo. Mjomba aliweka pedi chini, akaitazama mikono yake pande zote mbili.

"Kumi na mbili," alisema. Halafu akarudia, akicheka: "Mama, kumi na mbili! Lete saa ya mwalimu."

Mwalimu alikuwa mama mstaafu wa mtaa wetu, na saa ile ilikuwa ya mama yake mzazi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Alikuwa ameisubiri wiki tatu, kila akija namwambia bado. Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Niliifungua droo, nikaitoa saa, nikamwekea mbele. Hata kibano nilimpa mimi.

Nilikuwa naandika risiti nilipotambua kwamba sisikii kitu. Ukifanya kazi na fundi saa unajua kimya cha kazi, na kile hakikuwa chenyewe. Nilipogeuka, mjomba ameshatoa lenzi jichoni. Kamani ya ndani, ile nyembamba kama unywele, ilikuwa imejisokota kwenye ncha ya kibano. Saa ile haikuwa na vipuri popote duniani.

Hakupiga kelele. Aliikusanya saa kwenye kisahani chake na kumngoja mwalimu. Mama wa watu alipofika, mjomba alisimama.

"Mwalimu, uliniletea saa imesimama, nami nakurudishia imeharibika. Ni mkono wangu. Nisamehe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ilipokataa kupasuka nikasema. "Si mkono wake, mwalimu. Ni mimi." Nikaeleza yote, mashine, kijiti, kumi na mbili ya uongo, huku machozi yananitoka mbele ya watu kama mtoto wa chekechea. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akaifunga saa kwenye leso yake mafundo mawili. Akaondoka. Mpaka leo akipita ng'ambo ya barabara ananipungia mkono, lakini hasimami.

Mjomba alibaki amesimama.

"Umewahi kuniona nasogeza mishale ya saa ya mteja ili tu afurahi?" aliniuliza.

"Hapana, mjomba."

"Haya."

Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya salamu. Siku ya tatu aliniambia nikirudishe kijiti kwenye ukali wake, maana yeye hakujua pa kubonyeza. Akacheza mbele yangu. Paka wa kwanza alimpokonya glasi mbili, ngazi zikachukua tatu, zulia likachukua moja.

"Sita," alisema, kwa sauti yake ya zamani kabisa, inayosikika mpaka dirishani. Akafungua droo, akatoa lenzi yake na kibano, akavisogeza upande wangu wa meza. "Kesho asubuhi utacheza wewe. Ukifika kumi tutaongea habari ya saa za kiume. Kabla ya hapo usinizoee."

Mimi nimefika nane, na sitaki mtu anicheke. Kila asubuhi natamka namba yangu na mjomba anaitikia kwa kichwa, halafu mimi na yeye tunagawana saa za ukutani kama watu wazima.

Lakini ninachotaka kusimulia hasa ni cha wiki iliyopita. Baada ya chakula cha mchana, wateja wakiwa wamepungua, mjomba alikohoa kidogo.

"Mama, hebu niwekee ile laini."

Nilimtazama usoni kuona kama ananipima. Hakuwa ananipima. Nikamwekea, nikarudi kwenye dirisha langu. Nikasikia anamgombeza mhudumu, "Polepole, bwana!" jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa karibu mwaka mzima. Korido ikaisha, mlango mwekundu ukaanza kulia bawaba zake, nami nikangoja ile sauti ya kuzima. Haikuja. Badala yake ukaja muziki ambao hatukuwahi kuusikia, vinanda na makofi na watu wengi wakicheka.

"Njoo! Njoo haraka!" aliita.

Nilimkuta amesimama, pedi ikining'inia kwenye mkono unaotetemeka bila yeye kuujali. Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye taa, na watu waliovaa vizuri walikuwa wamemgeukia mhudumu wetu mlangoni.

"Miaka kumi na mmoja," mjomba alisema, akifuta macho. "Kumbe alikuwa anapeleka harusini."