Mgombea wa Misibani

Siku hizi nikipita kwenye korido za mahakama, mawakili wenzangu wananiita mheshimiwa. Wananitania, nami nacheka, maana nikinuna watazidisha. Nimechoka kueleza. Kila anayenisimamisha anataka nimwambie kwamba nilihujumiwa, kwamba kwenye kura za maoni mshindani wangu aligawa vitenge na wajumbe wakalainika. Labda viligawiwa, sikuviona. Lakini kilichoniangusha mimi nakijua, na kitenge hakimo.

Nilizaliwa Kurasini, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga kidogo kidogo kwa ujira wa kupakua mizigo bandarini. Yeye na mama walitoka kusini, upande wa Masasi, wakakutana huku huku mjini. Baba alishafariki. Mama amebaki kwenye nyumba ile, na yadi za makontena zimemzunguka karibu pande zote. Lori likipita, vikombe vinalia kabatini. Ukutani ana alama ya X nyekundu, kama majirani zake wote waliobaki, kwa kuwa eneo linatakiwa kwa shughuli za bandari. Watatolewa lini, hakuna anayesema. Mama anaipaka chokaa ile X, nao wanarudi kuichora upya.

Mimi ni wakili wa mashauri ya ardhi. Miaka ya nyuma, upande wa chini wa mtaa wetu ulipotakiwa kuhama, nilisimamia kesi ya wakazi wake. Tulishinda. Walilipwa fidia ya maana, wakahama, wengine wakajenga Kigamboni, wengine Chamazi, wengine hadi Mkuranga. Kesi ile ndiyo iliyonipa jina, na ndiyo iliyonichosha. Nilibishana miaka juu ya thamani ya minazi na vyoo vya nje, na mwisho wake watu walihama vilevile. Nikajiambia kwamba mahakamani ninafika jambo likishakuwa limeamuliwa kwingine, nafika kupunguza maumivu tu. Nikataka kwenda huko linakoamuliwa.

Ndipo nilipochukua fomu kuomba chama kiniteue kugombea ubunge. Nilimweleza mama nikiwa nimekaa naye barazani. Nilimwambia, "Nikipita, hakuna atakayekutoa hapa." Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie." Sioni haya kusema kwamba nia yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Mambo ya maendeleo ya jimbo niliyaongeza baadaye. Nilitaka mama azeekee kwake na afie kwake.

Kwetu, anayetaka ubunge lazima azike. Ukisikia turubai limefungwa mahali, unakwenda, hata kama marehemu hukuwahi kumwona. Wagombea wenzangu wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki. Mimi nilivua viatu, nikaingia ndani kwa wanawake, nikakaa mkekani mpaka miguu ikafa ganzi. Kanga za msiba hazikutoka kwenye buti la gari langu. Pilau ya msibani, ambayo zamani niliipenda, niliila mpaka nikaichukia, na mpaka leo nikisikia harufu ya bizari nyembamba nachoka mwili mzima.

Lakini nilipokelewaje! Nilikuwa sijamaliza kutoa pole, tayari watu wananishika mikono. "Wakili wetu huyo! Huyu ndiye aliyetujengea nyumba." Msiba mmoja kina mama walijisahau wakapiga vigelegele, wafiwa wakawatazama kwa jicho kali. Ulipofika wakati wa kutoa neno, msemaji wa familia alinitaja kama mbunge mtarajiwa, na jamvi zima likaitikia. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye alikuwa mpambe wangu mkuu, alikuwa akiingia garini anasugua mikono. "Dada, hii ishu tushaimaliza. Si umeona nyomi ile?"

Niliiona. Nikaiamini, mimi ninayelipwa kwa kutoamini ninachoonyeshwa.

Jambo lenyewe halikuwa la kujificha. Watu wa kwetu wakihama, misiba hawaihamishi. Mtu amejenga Chamazi, ana geti na kisima, lakini akifiwa anarudi kufunga turubai mtaa wa zamani, kwa sababu ndiko walikozikwa wazee wake na ndiko waliko wa kumsaidia kuzika. Wote wale walionishika mikono walikuwa wateja wangu wa zamani, waliokwisha kulipwa na kuhama. Jioni niliwaona wakipanda Coaster za kukodi kurudi kwao. Niliwapungia mkono, na bado moyoni nilikuwa nikiwahesabu kuwa kura zangu. Wanaoteua mgombea ni wajumbe wa matawi ya jimbo letu, yaani watu waliobaki. Na waliobaki, kwenye misiba ile, walikuwa wenyeji. Walikuwa nyuma ya nyumba kwenye moto, wanatupikia sisi wageni.

Mshindani wangu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya malori, mtu wa kelele, asiyejua tofauti ya muswada na sheria. Misibani alikuja kwa nadra. Akija, haketi chini ya turubai, anapitiliza hadi nyuma kwenye masufuria na kupiga soga na wapishi. Mdogo wangu alikuwa akimcheka. "Mwache akale ukoko," alisema, nami nilicheka naye.

Siku ya kura za maoni za chama tulikusanyika kwenye ukumbi wa harusi, mapambo ya sherehe ya jana yake bado yananing'inia. Tuliingia mmoja mmoja kujieleza na kuulizwa maswali. Mama alikuwemo ukumbini, safu za mbele, maana ni mjumbe wa tawi letu tangu sijaanza shule. Alijifunga kitambaa kichwani vizuri, kama anayekwenda kwenye mahafali. Kumwona pale kulinipa nguvu. Nilizungumza vizuri, na hilo hata maadui zangu hawalikatai.

Kisha akasimama jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye tangu utotoni tunamwita mama mkubwa ingawa si ndugu. Akasema, "Mwanangu wakili, hongera kwa maneno mazuri. Sasa sie tuliobaki huku na hizi X ukutani, ukiingia bungeni utatufanyia nini?"

Nilitabasamu. Swali lile nilikuwa nimelisubiri tangu asubuhi. Nikajibu kwa sauti yangu ya mahakamani kwamba sitakubali mtu yeyote atoke bila fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo niliyasema kwenye kila msiba, na kila msiba yalishangiliwa. Ukumbini walinipigia makofi ya heshima, yale anayopigiwa mgeni rasmi anapomaliza hotuba ndefu. Mama mkubwa akaketi. Nilidhani ameridhika.

Yule mwenzangu wa vipuri aliingia baada yangu. Nilikuwa nje nikimsikia kupitia madirisha. Aliulizwa swali lilelile, akapaza sauti, "Hamtoki! Atakayekuja kuwatoa aanze na mie!" Watu waligonga viti, wakaimba. Nilimgeukia mdogo wangu nikamwambia kwamba huyu anawadanganya wazee wa watu, hakuna sheria inayompa mbunge uwezo huo. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa niaba yao.

Kura zilihesabiwa mbele yetu, msomaji ananyanyua karatasi moja moja na kutaja jina. La mwenzangu lilitajwa mpaka msomaji akaomba maji. Langu lilijitokeza hapa na pale. Nilijilazimisha kukaa wima. Katikati ya zoezi nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona ameinamia mikono yake. Nikamhurumia, nikidhani ananionea aibu. Mwishoni nilimpa mshindi mkono, nikasema maneno yanayosemwa, nikaenda kukaa garini. Sikulia. Nilichoka tu, uchovu ambao usingizi hauutibu.

Kesho yake alasiri nilikwenda kwa mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nilimwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Nikaketi kwenye kigoda. Lori likapita, tukasubiri limalizike, kama tunavyosubiri siku zote pale. Kisha nikamuuliza.

"Mama, wale watu wote wa misibani wamekwenda wapi?"

"Wamekwenda kwao," akasema. "Si ulishawahamisha wewe?"

Hakunisimanga. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia. Ndipo nyuso zile zote zilipoanza kunirudia, moja baada ya nyingine, na kila moja nikaijua ilikojenga. Nikajiinamia. Nilijiona mjinga, mtu mzima mwenye shahada na joho, aliyefanya kampeni miezi kwa watu wa majimbo mengine.

Mama aliacha mchele.

"Na kura yangu sikukupa, mwanangu. Nakwambia mwenyewe, usije ukaambiwa na watu."

Kura zote zilizonikosa jana hazikuniuma kama hiyo moja. Nikamuuliza kwa nini, na sauti ikatoka ya mtoto.

"Mama mkubwa wako alikuuliza utatufanyia nini. Ukatujibu fidia. Mie nikajua basi, ushanihamisha."

"Lakini nilikwambia hapa hapa barazani! Nilikwambia hakuna atakayekutoa."

"Uliniambia mie peke yangu. Mbele za watu umesema jingine."

Nikaanza kujitetea. Nilimweleza kwamba sheria inaruhusu eneo kutwaliwa, kwamba mtu mwaminifu anaweza kuahidi malipo tu, kwamba kubaki hakuahidiki. Nilizungumza haraka, kama aliyebakiwa na dakika moja mbele ya jaji, na kadiri nilivyozungumza ndivyo nilivyojisikia nikimtoa mama yangu chumba kimoja baada ya kingine. Mwisho nikashikilia kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Mama, yule bwana anadanganya. Siku wakija, hatasimama hapa. Hawezi kuzuia lolote."

Mama alivuta ungo, akarudi kwenye mchele wake.

"Najua anadanganya," akasema. "Lakini yeye kajua nataka nini."