Mlango wa Stoo ya Vitunguu

Siku yangu ya kwanza katika stoo ya vitunguu, nyapara hakunipa jembe wala gunia. Alinisimamisha mlangoni, akaniambia nifumbe macho na kuvuta pumzi. "Unasikia harufu gani?" akaniuliza. Nikamwambia nasikia vitunguu. "Sawa. Siku ukisikia harufu nyingine, usingoje chai. Ingia utafute." Huo ndio uliokuwa mtihani wangu wa kazi, na nyinyi vijana mnaocheka mjue niliufanya kila asubuhi mpaka nilipostaafu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu kando ya ziwa, Naivasha. Mwenye shamba tulimwita Bwana Mkubwa. Nilitoka kwetu Maragoli nikaanzia kulima, nikapandishwa hadi kwenye kuanika, ndipo nikafika stoo. Kila daraja lilikuwa na woga wake.

Shambani woga ni mvua. Kitunguu kikikomaa, majani yake huanguka yenyewe. Ukiona mengi yamelala, unakata maji na kuanza kutazama mawingu. Unang'oa umande ukishakauka, unakilaza palepale kwenye tuta, majani ya hiki yakifunika kichwa cha kile ili jua lisikibabue. Baadaye unakihamishia kivulini, juu ya vichanja vya waya, mpaka shingo yake ikauke. Shingo ni pale majani yanapokutana na kichwa. Ukiifinya ikiteleza, bado. Chenye shingo nene hakikauki vizuri hata ukibembeleze vipi, hicho peleka jikoni kiliwe mapema.

Stoo inataka giza, ukavu na hewa. Yetu ilikuwa na madirisha ya wavu pande mbili, upepo wa ziwa uingie huku na kutokea kule. Na vitunguu havirushwi. Kilichogongwa leo hakikuonyeshi kitu, kinakungoja umesahau ndipo kinaoza na majirani zake.

Mke wangu Wanjiru nilimpata humo humo stoo. Alikuwa mchambuzi, kazi yake kutenga vizima na vibovu. Tukaoana, tukapata binti, Ruth.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, sisi tuliiita imajensi. Malori yakawa yanapita mashambani yakiwabeba Wakikuyu kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, wazee kwa watoto. Waliobaki ni wale ambao mwajiri alisema anawahitaji. Mimi si Mkikuyu, lakini Wanjiru ni. Bwana Mkubwa akatuita wote wawili, akasema kwa Kiswahili chake, "Kama kazi ya vitunguu iko, bibi yako nakaa. Kama kazi hapana, mimi hapana weza saidia." Tangu siku hiyo niliishi roho mkononi. Kila nikisikia lori, niliacha nilichoshika.

Mavuno ya mwaka huo yalikuwa yameingia tu wakati mkuu wa polisi, tuliyemwita Inspekta, alipoleta amri. Kila stoo ya chakula ipigiliwe mabati madirishani, na mlango uwe na kufuli wakati wowote ambao hakuna kazi ndani, ili chakula kisiwafikie watu wa msituni waliokuwa wakipigana na serikali. Mabati yakapigiliwa mchana huo huo. Haukupita muda mrefu, nikafungua mlango asubuhi, nikasikia harufu nyingine, tamu kidogo, kama ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni. Nikapapasa vichanja. Maganda yalikuwa na jasho.

Nikaenda kwa Bwana Mkubwa. "Bwana, vitunguu vinakosa hewa."

"Dirisha hapana fungua."

"Vitaoza, Bwana."

"Mimi najua! Lakini chakula kutoka hii stoo kwenda msitu, mimi nafungwa."

Hakuwa akinikaripia. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikarudi kwa Wanjiru nikamweleza. Akafikiri, Ruth akiwa mgongoni. "Dirisha amekataa. Na mlango je, Baba Ruth?"

"Mlango unafungwa kama hakuna kazi ndani."

"Basi kazi isiishe."

Ndivyo tulivyofanya. Asubuhi mlango ulifunguliwa kwa ajili ya uchambuzi, na uchambuzi wa Wanjiru haukuwa na mwisho. Hewa ikapita siku nzima. Taabu ni kwamba kitunguu hakitaki kushikwashikwa, kikigeuzwa kila siku kinachubuka. Kwa hiyo alitoa vilivyooza, halafu akakaa mbele ya kichanja mikono ikielea juu ya vitunguu kama mtu anayeota moto. Askari wa doria akichungulia, vidole vinachezacheza.

Siku moja Inspekta mwenyewe akasimama mlangoni. "Huyu mama hajamaliza bado?"

Nyapara akajibu haraka, "Afande, hii ni kama nepi za mtoto. Ukisema umemaliza, angalia tena." Askari wakacheka. Inspekta hakucheka, lakini akaondoka.

Vitunguu vikapona. Lori la mnunuzi likaja, tukapakia vyote, vikavu, vikilia kwa ganda kavu ukivigusa. Bwana Mkubwa alitugawia sukari. Nilifurahi nikajisahau. Nikafagia stoo mpaka pembeni, nikauacha mlango wazi ili kila mpitaji aone kazi ya watu.

Inspekta alikuwa mmoja wa wapitaji hao. Akatazama ndani, akamgeukia Bwana Mkubwa. "Sasa huyu mama kazi yake ni ipi?"

Bwana Mkubwa akaitazama sakafu ile safi. Akanitazama mimi. Sisi wawili tulikuwa tumepigania kila kichwa cha kitunguu, na hakuna aliyekumbuka kubakiza hata gunia moja.

Wanjiru alipandishwa lori na Ruth mgongoni. Nilikimbia nyuma mpaka askari akanizuia. Nililia mbele ya watu wa shamba, sikuona aibu, na hata leo sioni.

Alirudi imajensi ilipoisha, amekonda, Ruth amekuwa msichana, akiniogopa kama mgeni. Baadaye tulihamia Nakuru, nikasimamia ghala la vitunguu chini ya mameneja wa kila aina. Walikuja wakali, walikuja wapole, na wote waliniuliza kwa nini kuna gunia moja lisilouzwa. Nilisema ni la mbegu. Kila msimu nililibadilisha. Sikuwahi kulala usingizi mzuri stoo ikiwa tupu.

Siku ya kustaafu, meneja, kijana mwenye adabu, alitaka ghala likabidhiwe tupu. Nikatoa hata lile gunia. Nikafagia. Nilipoinua kichwa Wanjiru alikuwa mlangoni, amekuja kunichukua. Nikajikuta nachungulia nyuma yake, barabarani, natafuta lori.

Akatazama sakafu, akanitazama mimi. Hakuhitaji kuuliza.

"Baba Ruth," akasema, "toka humo. Siku hizi hakuna anayeuliza kazi yangu."

Nikafunga mlango, nikamshika mkono, mzee mzima, mbele ya wapakizi wote, na sikumwachilia mpaka nyumbani.