Ugonjwa Usiokuwa Wake

Paskazia Ishengoma alikuwa mpishi wa shughuli. Pale Pasiansi, Mwanza, na mitaa ya jirani, kukiwa na harusi, kipaimara au msiba mkubwa, watu walimfuata yeye. Mwili wake mwenyewe ulikuwa tangazo la biashara: mtu akiona upana ule nyuma ya sufuria, anajua chakula kipo. Wateja walimwita Mama Shibe, naye aliitika kwa kicheko kilichosikika hadi nyumba ya tatu.

Kicheko hicho kilimwishia siku aliyopanda boti kwenda kupika harusi Ukerewe. Kijana wa boti aligawa majaketi ya kujiokolea, akafika kwake, akavuta mikanda huku na huku, haikukutana. Akaleta jaketi la pili, akayaunganisha yote mawili kwa kamba ya manila na kumzungushia kama anafunga mzigo. "Boti ikizama," akatangaza, "sisi wote tutamshika huyu mama!" Abiria walicheka. Paskazia alicheka kuwashinda wote. Lakini alipofika alipika, akapakua, na hakutoka jikoni mpaka wageni wa mwisho walipoondoka.

Sukari ilikuwa imeshampanda na magoti yalikuwa yakimlilia kila anapoinuka, kwa hiyo sababu za kwenda hospitali alikuwa nazo. Ila mwenyewe alijua ni ile kamba ya manila iliyompeleka. Binti yake wa pekee, Gladness, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyetafuta madaktari wanaokata tumbo la chakula na kubakiza sehemu nyembamba kama ndizi mbivu moja. Paskazia alikubali kwa sharti kwamba mtu mwingine asijue. Majirani, wateja, hata Getruda aliyepika naye miaka mingi, wote aliwaambia anakwenda kumsaidia Gladness kuhama nyumba. Mama yake mzazi kule Kamachumu naye aliambiwa hivyo hivyo. Angemwambiaje? Wenzake wanahangaika kutafuta chakula, yeye anakwenda kulipia anyimwe.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Alirudi Mwanza akiwa na makovu madogo madogo tumboni na maelekezo ya kunywa kidogo kidogo, kisha vyakula laini, kisha vigumu. Kwenye vyakula laini ndipo mambo yalipokwama. Kijiko cha viazi vya kuponda kilishuka hadi kifuani, kikasimama pale kama jiwe, mate yakamjaa mdomoni, kikarudi kilikotoka. Baadaye hata uji mzito ukawa haupiti.

Madaktari walikuwa wamemwonya kwamba akitapika mfululizo arudi haraka. Hakurudi. Moyoni aliamini kosa ni lake, kwamba amekula upesi, amekula kwa ile pupa yake ya zamani. Angewaambia nini wale watu? Kwamba hata kukatwa tumbo kumemshinda? Gladness alipopiga simu, alijibu, "Naendelea vizuri, mwanangu," akiwa ameshika beseni mkono wa pili.

Mashavu yakaporomoka. Nywele zikabaki kwenye kitana. Kazini alikuwa anapika, lakini harufu ya kitunguu kinachokaangwa ilimpeleka nyuma ya nyumba, na kuonja chumvi akamwachia Getruda. Walipokwenda sokoni Mkuyuni kununua vitu, wauza nyanya waliokuwa wakimtania walishusha sauti akipita. Familia moja iliyokuwa imempa kazi ya harusi ilighairi bila kusema kwa nini. Getruda alisikia kwa nini, akanyamaza. Paskazia alijua kwamba Getruda amesikia, naye akanyamaza.

Maneno yalifika Kamachumu. Asubuhi moja mama yake, Leonsia, alishuka kwenye meli ya Bukoba na mkungu wa ndizi na kifurushi cha senene waliokaangwa, akaja moja kwa moja hadi mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba." Leonsia alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akaweka mzigo chini. "Nimekuja tu. Jiko liko wapi?"

Alimenya ndizi mwenyewe, akazipika na maharage kama alivyompikia utotoni, akampakulia. Paskazia hakuthubutu kukataa. Alimeza kipande, akameza cha pili, akakimbilia msalani. Alipokuwa ameinama pale, alisikia mkono wa mama yake mgongoni. Leonsia alimsubiri amalize, akamfuta mdomo kwa pindo la kanga aliyoivaa, akamrudisha mezani. Kisha akavuta ile sahani ya Paskazia, akachukua kijiko kile kile, akaanza kula yale mabaki huku akimwangalia usoni.

Paskazia aliijua ile namna ya kula. Aliiona akiwa mtoto, siku zile UKIMWI ukiitwa Juliana na mashamba ya migomba yakijaa makaburi mapya. Modesta, mdogo wake Leonsia, alirudishwa nyumbani akiwa mifupa mitupu. Ukoo ulimtengea kikombe na sahani yake. Leonsia peke yake ndiye aliyekaa naye kwenye mkeka na kula alichobakiza, mbele ya watu wote, mpaka siku alipomfumba macho.

"Paska," mama yake alisema. "Mimi sikuulizi umeupataje. Modesta hakupata dawa. Siku hizi zipo, watu wanameza na wanazeeka. Nataka kujua kitu kimoja. Unameza?"

Sio huo ugonjwa, Mama. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Lakini angeyasema, swali linalofuata lingekuwa: ni upi, basi? Akaitazama mikono ile iliyopalilia kahawa maisha yake yote, mikono ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwaga ukoko, akaona hawezi kuiambia kwamba amelipa watu wamkate tumbo lililokuwa zima.

"Nameza," alisema.

Leonsia alishusha pumzi. "Ni Muganyizi?"

Muganyizi alikuwa mume wa Paskazia, mhasibu wa kiwanda cha samaki, mtu mpole aliyekuwa akimsogezea mnofu kutoka sahani yake mwenyewe. Malaria iliyopanda kichwani ilimchukua upesi, miaka mingi iliyopita. Paskazia aliinamisha uso. Hakusema ndiyo. Aliinamisha uso tu, na mama yake akachukua hilo kuwa jibu.

"Mungu amsamehe," Leonsia alisema, akaendelea kula.

Tangu siku hiyo Paskazia aliuguzwa kama hajawahi kuuguzwa. Mama yake alimchemshia maji ya kuoga, alimchua mgongo, alimpaka mafuta miguuni. Kila mchana alikaa naye kwenye kivuli cha nyumba na rozari, na kati ya fungu moja la sala na jingine alitaja jina la Modesta. Siku moja alikatisha sala, akalia kidogo, akasema, "Safari hii sikuachii uende." Paskazia alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa akilishwa machozi yaliyomstahili mtu mwingine. Mara kadhaa alifungua mdomo ili aseme, na kila mara ikawa vigumu zaidi, maana sasa asingekuwa anaungama kukatwa tumbo tu, angekuwa anaungama na zile rozari zote.

Mwili wake haukusubiri ajipange. Nyayo zilianza kuwaka na kufa ganzi. Akisimama, ukuta ulimyumbia. Siku moja alimwona Getruda akiwa wawili, na wote wawili wamebeba sufuria moja. Aliinuka ili akamsaidie, miguu ikamkatalia, akaanguka kifudifudi uani, karibu kabisa na mafiga yenye moto. Getruda alipiga kelele, Leonsia akatoka mbio, wakamwingiza kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo aitwaye Masele. Kabla hajauliza neno, Leonsia alisimama wima mbele yake, sauti haikutetemeka.

"Daktari, mwanangu ana virusi. Dawa anameza. Naomba asibaguliwe hapa."

"Hakuna anayebaguliwa hapa, bibi," Masele alisema. "Kadi yake ya kliniki iko wapi?"

Leonsia alimgeukia binti yake. Paskazia alifumba macho.

Daktari hakubishana. Aliagiza damu ichukuliwe, akampima tumbo. Vidole vyake vilisimama kwenye yale makovu madogo. "Haya ni ya nini?"

"Kizazi," Paskazia alijibu. Hata yeye alijishangaa jinsi uongo ulivyomtoka haraka, mtu asiyeweza hata kusimama.

Majibu yalipotoka, Masele alirudi, akavuta kiti, akainama karibu na sikio lake. "Mama, huna virusi. Na makovu haya sidhani kama ni ya kizazi. Nahitaji ukweli sasa hivi. Mtu aliyetapika kwa wiki nyingi namna hii, nikimtundikia dripu ya sukari kabla ya kumpa vitamini anayoikosa, naweza kumharibia ubongo. Kama unataka faragha, nitamwomba bibi atoke."

Leonsia hakusikia vizuri, lakini aliona ni jambo la siri, akaanza kuinuka. Paskazia aliishika kanga yake.

"Abaki," alisema. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtiririkia masikioni. "Nilikatwa tumbo, Dar es Salaam. Nilikwenda mwenyewe, ili nipungue."

Masele aliitikia kwa kichwa, akauliza lini, akauliza lilibaki kiasi gani, akatoka kuita wauguzi. Hakumgombeza. Paskazia angependa agombezwe.

Leonsia aliitazama kanga yake mkononi mwa binti yake.

"Kwa hiyo huumwi ule ugonjwa," alisema.

"Siumwi, Mama."

"Na dawa humezi."

"Simezi."

"Ulikuwa na tumbo zima, ukalikata."

"Ndiyo, Mama."

Leonsia aliichomoa kanga taratibu, kidole kwa kidole, akatoka nje. Wauguzi waliingia, wakachoma sindano, wakatundika chupa. Kupitia mlango uliokuwa wazi Paskazia alimwona mama yake kwenye benchi la ujia, ameshika rozari bila kuisogeza. Aliporudi ndani alimwuliza daktari swali moja tu: "Atapona?"

Masele alimweleza kwamba atapona. Pale walipokata, kovu limevuta na njia ya chakula imebana. Inapanuliwa kwa mpira unaopitishwa kooni. Macho yatarudi upesi; miguu itachukua muda.

Ikawa hivyo. Gladness alikuja kwa ndege, akalia, akamgombeza mama yake kwa zile "naendelea vizuri" zote. Njia ilipanuliwa, ikarudiwa tena. Siku uji ulipopita wote na kutulia, muuguzi alifurahi kuliko mgonjwa. Leonsia alikuwepo muda wote. Alimwogesha, alimkalisha, alimshikia kikombe. Lakini hakuwa akiongea, na hakumpaka tena mafuta miguuni.

Alizungumza siku ya kuagana, walipokuwa wamekaa kibarazani Pasiansi, mzigo wake umeshafungwa.

"Unene wako haukuwahi kunikera," alisema. "Mtoto wangu kunenepa wakati mdogo wangu alikufa amekauka, mimi niliona neema. Wewe ulikuwa na sababu zako. Hilo la tumbo nimeliacha lipite." Alifuta magoti yake kwa viganja. "Lakini Muganyizi. Nimemwombea msamaha wa dhambi ambayo hakutenda. Na nilimpigia Kokulinda, nikamwambia nimemsamehe mdogo wake kwa alichokuletea. Alilia kwenye simu, Paska. Ukoo wao ukakaa kikao."

Paskazia hakuwa amelijua hilo. Kokulinda alikuwa dada mkubwa wa Muganyizi, aliyemlea tangu mama yao afariki. Alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi kwenye utosi ulioanza kuota vinywele vipya.

"Nitampigia, Mama."

"Utampigia wewe. Mimi sitakusemea."

Meli iliondoka. Paskazia alikaa siku kadhaa bila kupiga, akijidanganya kwamba sauti bado haina nguvu. Akamwambia Getruda kwanza, jikoni, wakichambua mchele. Getruda alisikiliza, akasema tu, "Na mimi nilikuwa nakuombea usife, Dada," akarudi kwenye mchele wake. Hilo pia liliuma.

Kisha akapiga.

"Shikamoo, Wifi."

"Marahaba." Sauti ya Kokulinda ilikuwa ya baridi. "Hali?"

Paskazia alieleza yote, tumbo, uongo, siku ile alipoinamisha uso.

"Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na lolote."

"Hakuwa na lolote, Wifi. Alikufa kwa malaria, kama mlivyojua."

"Na ulipoulizwa, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa sababu uliona aibu kusema ulikwenda kupunguzwa."

Hakukuwa na namna nyingine ya kulisema. "Ndiyo."

"Nimekusikia," Kokulinda alisema. "Nitawaambia wenzangu. Ukipata nguvu uje nyumbani, useme mwenyewe mbele ya wote waliokaa kikao. Nisiambiwe tena kwa simu." Akakata.

Paskazia aliahidi, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Saa ya chakula ilikuwa imefika. Alivuta bakuli la mtori mwepesi, akaweka kijiko mdomoni, akasubiri kishuke kabla ya kuchukua kingine, kama alivyoelekezwa. Kilishuka. Alikula hivyo mpaka bakuli likaisha, uso ukimwaka, peke yake, akiwa ameugeukia ukuta.