Ndiyo Niliyomwambia Bibi

Harufu ya mboga ya mlenda mkavu ikinipitia puani, hata nikiwa sokoni na haraka zangu, narudi kijijini Mkonze, uani kwa Bibi mzaa mama, likizo ile nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa msomi wa mila za watu, na kanisa lilimtuma kwa Wasandawe kule Chemba, asaidie lugha yao iandikwe na Maandiko yasomwe kwayo. Yeye Mgogo, baba Msambaa, nyumbani kwetu Kiswahili tu. Majirani walisema mganga hajigangi. Mimi nilikuwa nikijivuna, maana mama za wenzangu waliuza vitenge, wangu aliandika lugha.

Nusu ya kwanza ya likizo alinichukua huko. Nilicheza na watoto wa Kisandawe mpaka nikaweza kupiga vidoko vya lugha yao, zile sauti za kugonga ulimi, vibovu lakini vya kujigamba. Mchana nilikaa mkekani nikimtazama mama akipima tafsiri: anamsomea mwanakijiji kisa, kisha hamuulizi kama ameelewa. "Ukimuuliza hivyo ataitikia ndiyo kwa adabu," aliniambia. "Muulize amesikia nini." Nililikariri neno hilo kama sala.

Kazi ilipozidi, akaniacha kwa Bibi. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha salamu na bei ya karanga. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha vidoko vyangu. Akacheka, halafu akatikisa kichwa. Tuliishi kwa ishara, na kwenye mambo ya chakula tulielewana sana. Alasiri moja, tukiwa wawili tu, alikuwa akichekecha mlenda aliotwanga. Aliweka chekeche chini, akanishika mkono kwa vidole vyenye vumbi la kijani, akaanza kusema Kigogo, taratibu, maneno mengi. Jina la mama, Yuditi, nililisikia mara tatu. Kisha akauliza kitu, akanitazama akingoja.

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

Akauliza tena. Nikasema ndiyo tena. Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye mlenda wake. Siku ya nne baada ya hapo alianguka jikoni, na hakusema tena mpaka tulipomzika.

Msiba ulipokwisha nilimweleza mama. Akachukua daftari lake la kazini, akakaa mbele yangu. "Bibi alisema nini?"

"Nilimjibu ndiyo."

"Usiniambie ulichojibu, mwanangu. Umesikia nini?"

Nilimtajia jina lake, mara tatu. Aliliandika, akangoja, kalamu mkononi. Sikuwa na kingine. Nilimwogopa, nikamhurumia, nikamkasirikia, vyote kwa pamoja, na hata leo sijui kipi kilitangulia.

Sasa Wasandawe wana vitabu vyao, na jina la mama limo kwenye kurasa za shukrani. Mimi nafanya kazi ofisi za serikali za Mtumba, na jioni narudi Mkonze kumpikia mama, ambaye magoti yamemshinda. Wanangu wanamwitikia kwa Kiswahili na Kiingereza. Ahadi ni deni, wanasema, lakini deni langu silijui. Huenda niliahidi kumtunza Yuditi. Huenda niliahidi kutokuwa kama yeye. Nikimwekea mlenda mezani mama huvuta harufu yake kwanza, hunitazama, na najua anachotaka kuniuliza. Haulizi. Nami namsogezea ugali, nisijue kama natimiza neno la Bibi au nalivunja.