Udongo Mzuri kwa Mgeni

Nilikuwa Muleba, mtoto mgongoni, nikingoja basi la Bukoba kando ya kituo cha petroli. Nyuma ya kituo ni kibanja cha migomba cha mama anayetengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Shimo lake la kuivishia ndizi liko karibu na tangi la petroli la kituo lililofukiwa, na wanywaji wameanza kulalamika kuwa rubisi inanuka petroli. Serikali ikatuma fundi achukue udongo ukapimwe. Ukikutwa na mafuta, tangi litafukuliwa na kuzibwa. Usipokutwa, tangi litabaki likivuja, na mama hana shimo wala wateja.

Fundi alichimba kando ya shimo, akajaza kopo, akaenda kunywa chai. Aliporudi akafungua kifuniko, akanusa, akanusa tena.

"Mama, mbona huu unanuka samadi?"

"Ndiyo, mwanangu," mama alijibu, amepiga magoti. "Nimekuchotea chini ya mgomba wangu ulio bora. Ule wako ulikuwa unanuka vibaya, waitu, mtu wetu. Ungeufikishaje kwa wakubwa?"

"Lakini harufu hiyo ndiyo niliyoifuata!"

"Mgeni hafungashiwi kitu kibovu."

Tuliokuwa tukingoja basi tulicheka sana. Fundi akachimba upya, na safari hii chai aliinywa huku amelikumbatia kopo.

Ndani ya basi nilimkumbuka mkaguzi aliyekuja kuona shamba letu la ujamaa. Tulimpitisha kwenye migomba ya barabarani, tukamfungashia mkungu mkubwa. Bondeni, ambako maharage yalikuwa yameoza, hakuna aliyempeleka. Alirudi mjini akitusifu. Yeye hakunusa.