Namba Niliyomficha Baba

Karatasi za majibu ya damu ya baba zilifika mikononi mwangu kwanza, kwa sababu nyumbani kwetu, mtaa wa Nyakabiga, mimi ndiye niliyejua Kifaransa vizuri. Nasema vizuri, lakini shule niliiacha nusu, vita vilipofunga njia ya kwenda. Mengine nilijifundisha kwa kamusi ya tiba niliyoiokota sokoni, haina jalada na inaanzia herufi C. Nilikuwa na miaka ishirini. Kila neno nisilolijua nililiandika mara tatu, na nikikosea herufi nilichana ukurasa mzima. Hiyo ndiyo tabia niliyokwenda nayo kwenye ugonjwa wa baba.

Baba alikuwa fundi cherehani wa suti za wanaume. Alipopatikana na saratani ya tezi dume ilibidi aende Nairobi, maana kwetu hapakuwa na mashine ya mionzi. Alikaa huko wiki saba kwa binamu yake, akarudi amekonda, akaambiwa awe anapima damu kila baada ya miezi mitatu. Kipimo chenyewe kinaitwa PSA. Kamusi yangu haikulijua neno hilo, lakini daktari alituandikia pembeni: ni kitu kinachotolewa na tezi dume, na kwa mgonjwa kikiwa kingi ni dalili mbaya.

Nikachukua daftari la mistari ya mraba, nikachora. Kabla ya mionzi: 22. Kisha 6,1. Kisha 2,8. Kisha 0,9. Mstari uliteremka vizuri mno, mpaka nikawa naufungua asubuhi kuuangalia tu. Mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyepasuliwa ugonjwa huohuo Ulaya, alikuwa anatamba msikitini kwamba yake ni sifuri. Basi na mimi nikaamua kuwa kupona ni sifuri. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, kisha nikaweka nukta ya penseli kwenye sifuri, mahali ambapo baba angefika mara ijayo.

Mara ijayo ikawa 1,6.

Niliisoma nimesimama mlangoni mwa maabara. Nikaisoma tena, nikaangalia jina, nikaangalia tarehe, nikarudi ndani kumuuliza yule mama wa dirishani kama hawakuchanganya chupa.

"Mademoiselle, jina si la baba yako?"

"Ni lake."

"Basi na damu ni yake."

Nyumbani baba alikuwa mezani, chaki sikioni, anakata kitambaa cha bluu cha bwana harusi. Hakuinua macho. "Ngapi?"

"Imeshuka, baba."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kukata.

Sijui nieleze vipi siku zilizofuata. Karatasi niliiweka ndani ya kamusi, kisha chini ya godoro, kisha nikaishona ndani ya mto wangu kwa sindano ya baba mwenyewe. Milio ya risasi ilikuwa inashuka kutoka milimani siku hizo, na watu wa Gihosha, mtaa wa karibu na milima, walikuja kulala kwa ndugu zao mjini. Kila mtu alikuwa na hofu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini sili. Niliona aibu kuvitumia vita kama kisingizio. Mama aliponiambia, "Usiogope, mwanangu, watanyamaza," niliitikia kwa kichwa kana kwamba niliowaogopa ni wale wenye bunduki.

Siku ya tisa nilikwenda kwa daktari peke yangu. Alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka. Nilimfungulia daftari. Alilitazama, akaweka kidole kwenye ile nukta ya penseli.

"Hii nani ameipima?"

"Hakuna. Ndipo panapotakiwa kufika."

"Nani anapataka?"

Nikamweleza habari ya yule mzee wa sifuri. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Yule ametolewa tezi yote. Hakuna kitu cha kutoa PSA, lazima iwe sifuri. Papa yako tezi yake bado iko ndani. Mionzi imeichoma, lakini inakufa pole pole, mwaka, miaka mbili, hata zaidi. Itakuwa inatoa kidogo. Tunatafuta ishuke na itulie chini. Sifuri haimuhusu."

"Lakini imepanda."

"Imepanda mara moja. Kuna watu inapanda kidogo katikati ya njia, kisha inashuka yenyewe, na hatujui kila mara ni kwa nini. Ikipanda mara tatu mfululizo, hapo tutaongea mambo ya kurudi Nairobi. Mara moja si habari." Akachukua kalamu. "Atapima tena. Maabara ileile, maana kila maabara iko na njia yake. Sasa niambie. Mkojo unamchoma? Alipanda baiskeli kabla ya kupimwa?"

Nikasikia masikio yangu yanapata moto. Asubuhi ile ya kupimwa mabasi hayakutembea kwa sababu ya risasi. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kuwa damu itolewe saa moja kamili kama mara zote, na mimi ndiye niliyemwazimia baba baiskeli ya jirani.

"Inaweza kusaidia kupandisha, inaweza isiwe hiyo," akasema. "Na siku mbili kabla ya kupima, alilala na mama yako?"

Nikafunga daftari.

"Umuulize."

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayesema umuulize saa. Kwetu, neno la kitandani halitoki kwa mtoto kwenda kwa baba. Linapita kwa shangazi. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa dada mkubwa wa baba, aliyekuwa anachambua mchele wa Buterere kwenye ungo.

"Shangazi, daktari anataka kujua kama baba na mama… kama walilala pamoja."

"Walilala pamoja? Kwani nyumba yenu iko na vitanda ngapi?"

"Shangazi!"

"Aa." Akaacha ungo. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mutoto wa watu! Umetembea na jua lote hili na hiyo mudomoni? Na mi nilizani ile mashine ya Nairobi imemaliza kila kitu. Kama jibu ni ndiyo, mi nitapika pilau."

"Si mchezo. Namba imepanda."

Akaishusha kanga. "Imepanda? Si baba yako alisema imeshuka?"

Hapo nikalia, nikamwambia yote. Hakunibembeleza. Alivaa viatu, akasema atakwenda kumuuliza kaka yake, na kwamba hawezi kumuuliza swali kama hilo bila kumwambia sababu yake. Nilimwomba angoje kesho. Akasema, "Kesho ni yako. Leo ni ya mwenye ugonjwa."

Nilikaa kwake mpaka aliporudi. Jibu la swali la daktari lilikuwa hapana. Jibu la baba kwangu lilikuwa kwamba niende nyumbani.

Alikuwa mezani pale pale. Mara hii aliinua macho.

"Mi nimepima watu miaka makumi tatu," akasema. "Mutu ananenepa, anaona haya. Nimuandikie kiuno cha zamani ili afurahi? Siku ya harusi suruali itapasuka, na yeye ndiye atakuwa ndani yake. We ni fundi wa kupima gani?"

"Nisamehe, baba."

"Nilikuwa namshukuru Mungu kwa kitu hakiko."

Hakupiga kelele, hakunigusa, na hakuzungumza nami siku mbili. Ile miezi mitatu ya kungoja kipimo kingine ndiyo mirefu kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilihesabu kupanda kwa vidole: mara moja tayari, bado mara mbili.

Tulikwenda kupima kwa miguu. Majibu yalipotoka alikuja nami, akasimama ubavuni mwangu dirishani. Nikafungua.

"Moja nukta tisa, baba. Imepanda tena."

"Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya pili."

"Sawa," akasema. Nikaona mkono wake unatafuta ukuta. Nilitamani uongo wangu wa kwanza. Nakiri hilo bila kujitetea. Usiku mzima nilimsikia anakohoa kikohozi cha mtu asiyelala, na sikuwa na neno la kumpa ambalo lingekuwa jema na la kweli pamoja.

Mara ya tatu, miezi mitatu baadaye, alinipa bahasha akageukia barabarani, kwenye watu wanaopita na mizigo. Niliangalia jina. Niliangalia tarehe. Nilisoma mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Moja nukta mbili. Imeshuka."

Hakugeuka. "Ya kweli?"

Nikamwekea kidole chake juu ya namba.

Akaisoma. "Sasa nimepona?"

"Sijui, baba. Najua imeshuka."

Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati lake mwenyewe. "Twende. Mama yako umuambie hivyo hivyo," akasema. "Usiongeze kitu."